Maji Yametoka Mto Gani? Maneno Yangu kwa Makarani wa Kumbukumbu za Afya, Moshi

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi hapa Moshi mbele ya makarani wa kumbukumbu za afya na wanafunzi wanaomaliza mwaka huu. Waliobanwa na zamu wameniomba niyaweke yote. Nimeyaacha kama yalivyonitoka mdomoni. Picha za ukutani sikuziweka. Hata ukumbini hazikufika nusu, umeme ulizimaliza kabla yangu.

Shikamooni wazee wangu. Wadogo zangu, hamjambo? Haya, wa nyuma kule, sogeeni. Viti vya mbele havina bili.

Nianze na neno lenyewe. Pale kazini tunasema "kodi". Kodi ya ugonjwa, kodi ya upasuaji. Mjomba wangu wa Kibosho aliposikia nafanya kazi ya kodi, alinificha risiti za duka lake mwaka mzima. Kwa hiyo leo, kwa ajili ya mjomba, nitasema msimbo. Msimbo ni ile alama ya tarakimu na herufi tunayoiweka badala ya maneno ya daktari, ili ugonjwa ulioandikwa Moshi na ugonjwa ulioandikwa Mwanza uhesabike kuwa mmoja.

Nimeombwa niseme juu ya misimbo kwa jumla. Sitafanya hivyo. Nitasema juu ya upasuaji mmoja tu, ule wa kupandikiza mishipa ya damu kwenye moyo. Kwenye mafaili ya Wamarekani utakuta herufi nne, CABG, na wao wenyewe huzitamka kama kabichi. Mtu anakuambia, "Leo nimesimba kabichi sita." Nimeuchagua huu kwa sababu ndio ulionifundisha kusoma. Kusoma nilidhani najua tangu darasa la kwanza.

Moyo unasukuma damu kwenda mwili mzima, lakini wenyewe unakunywa kutoka kwenye mishipa midogo iliyoushika kwa nje, mishipa ya koronari. Ikijaa mafuta na kuziba, moyo unakosa chakula huku umebeba ndoo ya wengine. Daktari wa upasuaji anafanya nini? Hazibui. Anapita pembeni. Nani hapa hajapita ile barabara ya mchepuko ya Arusha, inayotoka Ngaramtoni hadi Usa River? Lori la kutoka Namanga linakuja huku Moshi bila kuiona Arusha mjini. Foleni ya mjini iko palepale, hakuna aliyeigusa, lakini mzigo umefika. Ndiyo hivyo hivyo. Na mnakumbuka yale mabango ya "baki njia kuu, mchepuko siyo dili"? Kwenye moyo ni kinyume. Njia kuu imeziba, mchepuko ndio dili. Mama pale anacheka sana, sijui anamkumbuka nani.

Kuna mtu mmoja nataka mumjue. René Favaloro, Muargentina. Kabla ya kuwa bingwa alikuwa daktari wa kijijini kwa miaka kumi na miwili, mahali panaitwa Jacinto Aráuz, wa kuzalisha na kufunga mifupa, kama madaktari wetu wa zahanati. Mwaka 1962 akaenda Marekani, Cleveland, na mwaka 1967 akachukua mshipa wa mguuni, veni, akaupeleka moyoni ukapita pembeni ya palipoziba. Miaka mitatu kabla yake, mwaka 1964, Mrusi Vasilii Kolesov kule Leningrad alikuwa amefanya kwa njia nyingine. Yeye alichukua ateri inayoshuka ndani ya kifua, karibu na mfupa wa katikati, akaunganisha ncha yake na moyo. Shikeni hapo. Tangu mwanzo kabisa njia zilikuwa mbili, na maji yalitoka mito miwili tofauti. Karani asiyejua hilo atasimba vibaya mpaka anastaafu.

Nimesema maji. Acheni niwapeleke nyumbani.

Babu yangu alikuwa mmoja wa wazee wa mfongo. Wageni wetu kutoka mikoa mingine, mfongo ni mfereji wa asili wa huku mlimani, unatoa maji mtoni unayaleta kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, migombani na kwenye kahawa. Una zamu, una wazee, na una ugomvi. Kiangazi kimoja nikiwa mdogo, watu wa chini walilalamika kwamba ukoo wetu umejichukulia maji mara tatu. "Tumeona mitaro mitatu!" Wazee hawakujibizana. Walivaa makoti yao wakaanza kutembea, kutoka kule juu maji yanapochukuliwa hadi chini, na mimi nyuma nimebeba kibuyu. Kila walipofika walikuwa na maswali matatu, hayohayo. Maji haya yametoka mto gani? Yamepita kwenye nini, udongo au gogo la mgomba lililochongwa? Yamefika vihamba vingapi? Hakuna aliyehesabu mitaro. Walihesabu vihamba vilivyolowa. Ikaonekana mtaro mmoja wa kwetu umekauka tangu mwaka uliopita, na mwingine unalisha vihamba viwili kwa mpigo, kimoja kikiwa cha yule mlalamikaji mkubwa mwenyewe! Alikuwa hajui.

Miaka ishirini baadaye nakaa mbele ya kompyuta, nafungua mfumo wa misimbo ya upasuaji wanaoutumia Wamarekani hospitalini, ICD-10-PCS, nakuta maswali ya wazee wa mfongo. Hayohayo matatu. Msimbo wake una nafasi saba, haupungui wala hauzidi. Herufi I na O hazimo kabisa, kusudi mtu asizichanganye na moja na sifuri. Mwenye wazo hilo alikuwa amewahi kusoma mwandiko wa daktari, naapa.

Sasa andikeni, hapa pana utamu. Msimbo wa baipasi ya moyo, yaani huo mchepuko, unaanza na 021. Nafasi ya nne inauliza mishipa mingapi ya koronari imepata damu mpya. Hivyo ndivyo vihamba vilivyolowa. Nafasi ya tano ni namna ya kuingia, kwa kawaida kifua kimefunguliwa, sifuri. Ya sita, damu imepita kwenye nini kilichopandikizwa. Ya saba, imetoka wapi. Mnaona? Na kuna mtego. Nafasi ya nne, sifuri maana yake mshipa mmoja. Moja maana yake miwili. Mbili ni mitatu, na tatu ni minne au zaidi. Rudieni nami. Moja ni ngapi? Miwili! Tena? Miwili!

Mtego wa pili. Veni ya mguuni imekatwa kabisa ikahamishwa, kwa hiyo ni kitu kilichopandikizwa, na nafasi ya sita inaandikwa 9. Chanzo chake cha damu ni aota, ule mshipa mkuu, na nafasi ya saba inaandikwa W. Lakini ateri ya kifuani mara nyingi haikatwi kule juu inakoanzia. Imeachwa kwenye mzizi wake, ncha ya chini tu ndiyo imeelekezwa moyoni. Hapo hakuna kilichopandikizwa. Ni mto wenyewe umepindwa. Nafasi ya sita inakuwa Z, hakuna kitu, na nafasi ya saba, kama ni ateri ya kifua ya kushoto, inakuwa 9. Tisa tena! Tisa ya nafasi ya sita ni veni. Tisa ya nafasi ya saba ni ateri ya kushoto ya kifuani. Tisa hii si tisa ile, ndugu zangu. Tisa hii si tisa ile.

Na kitabu chenyewe hapa kinageuza desturi yake. Mchepuko wa sehemu nyingine za mwili, nafasi ya nne inasema damu inatoka wapi na ya saba inakwenda wapi. Ya moyo imegeuzwa, ya nne ni inakofika, ya saba ni inakotoka. Msiniulize kwa nini. Mimi nimeishajizoesha, kama mtu anayeendesha gari la usukani wa upande mwingine.

Haya, aibu yangu. Mwaka wa kwanza wa kusimba mafaili ya Marekani, nilikuwa nakaa sebuleni usiku. Saa tatu usiku Moshi, kule mashariki mwa Marekani ni mchana. Watoto wamelala, jenereta ya jirani inaunguruma. Faili likaja, juu limeandikwa CABG x3. Mara tatu. Nikasema, kumbe rahisi. Mishipa mitatu, nafasi ya nne mbili, nikaandika 021209W. Msimbo mmoja, nimemaliza, nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi, mkaguzi alikuwa amelirudisha na sentensi moja: "Soma ukurasa wa pili."

Nikausoma. Ateri ya kifua ya kushoto imeunganishwa na mshipa wa mbele wa moyo. Veni kutoka mguu wa kushoto imetoka kwenye aota, ikagusa mshipa wa pembeni, haikuishia hapo, ikaendelea hadi mshipa wa nyuma. Bomba moja la veni, vihamba viwili. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba vyote vitatu vimenyweshwa na aota kupitia veni. Ateri ya kifuani, kazi ya mikono ya yule daktari kwa saa nzima, nilikuwa nimeifuta duniani. Ilitakiwa 02100Z9 kwa ateri ya kifuani na 021109W kwa veni. Halafu 06BQ0ZZ kwa kuitoa veni mguu wa kushoto, na 5A1221Z kwa ile mashine iliyoshika kazi ya moyo wakati moyo umesimamishwa. Kichwa cha habari kilisema tatu, na tatu ilikuwa kweli. Lakini kichwa cha habari hakikusema mto gani.

Nilijitetea. Nikamwandikia mkaguzi kwamba malipo ya hospitali hayabadiliki. Na kweli hayabadiliki! Kule hospitali hulipwa kwa kundi la kesi, na makundi ya baipasi, 231 hadi 236, hayaulizi mishipa mingapi. Yanauliza kama mgonjwa aliwekewa katheta, ule mrija wa kuchunguza moyo, katika kulazwa kulekule, na kama ana maradhi mengine mazito. Miwili au minne, ateri au veni, bei ileile. Unajua alinijibu nini? Aliniuliza, baada ya miaka kumi mtu akitaka kujua waliowekewa ateri ya kifuani wanaendeleaje, atamtafutia wapi mgonjwa huyu? Nilinyamaza. Ateri ya kifuani hudumu kuliko veni ya mguuni, hilo madaktari wanalijua, na wanalijua kwa sababu kuna makarani walioandika ipi ni ipi.

Wiki iliyofuata nikarudia kosa kwa sura nyingine. Safari hii ilikuwa bili ya daktari mwenyewe, inayotumia misimbo ya tarakimu tano. Ateri moja, veni mbili. Ateri moja ni 33533, hapo nilipatia. Veni mbili nikaandika 33511. Likarudi! 33511 ni ya mgonjwa aliyewekewa veni peke yake. Zikiwa pamoja na ateri, veni mbili ni 33518, na hii 33518 haitembei peke yake hata siku moja. Ni kama mkoba wa bibi harusi, ukiuona lazima bibi harusi awe karibu. Na huku kuitoa veni mguuni kwa kuchana hakuandikwi pembeni, kumeshahesabiwa ndani. Kitendo kilekile, mgonjwa yuleyule, hospitali inakiandika, daktari hakiandiki. Mimi siku ile nilitamani kurudi kuuza mitumba Memorial.

Sasa mtaniambia, "Mama, haya ni ya Marekani, sisi tuna vitabu vya MTUHA vya takwimu za hospitali na fomu za bima." Sawa. Lakini fomu ya bima ina nafasi ya msimbo wa ugonjwa, ndiyo au siyo? Na katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, ugonjwa wa mishipa ya moyo kuziba ni I25.1, uwe Moshi au Nairobi. Orodha mpya, ICD-11, iliyopitishwa Geneva mwaka 2019 na kuanza rasmi Januari 2022, inauita BA52. Alama inabadilika, kazi ya kusoma haibadiliki. Tena sasa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam inapandikiza mishipa hii hapahapa nchini, na wagonjwa wakishapona wanarudi kwao. Kwao ni wapi? Rombo, Same, Karatu. Kwenye madirisha yenu.

Ndipo namkumbuka mzee mmoja. Alikuja dirishani kwangu zamani, nikiwa karani wa mapokezi katika hospitali moja, analalamika mguu unavimba. Ana mfuko wa Rambo, ndani yake karatasi zimekunjwa hadi mikunjo imekatika. Karatasi za India. Nilitaka kumwambia, "Babu, hizo za zamani, weka." Akavuta suruali juu kidogo. Kovu jembamba, refu, kutoka kwenye kifundo kupanda hadi chini ya goti, limenyooka kama limepigwa rula. Mguu uleule unaovimba. Akafungua kifungo kimoja cha shati, lingine likaonekana katikati ya kifua. Veni yake ilikuwa imehamia moyoni miaka sita nyuma, na kwenye faili letu hapakuwa na neno hata moja. Mara nne alishakuja kwetu. Mara nne! Kuna msimbo wa jambo hilo, Z95.1, mtu mwenye mchepuko wa mishipa ya moyo. Si ugonjwa, ni historia. Unachukua sekunde tano kuandika. Yule daktari wa zamu alipouona alibadilisha maswali yote aliyokuwa anauliza.

Bado moja, nalo ndilo gumu kwetu kuliko yote. Kuuliza.

Tunawaogopa madaktari. Semeni kweli. Nilipokuwa mdogo kazini, faili likaja limeandikwa "MI", basi. Mkubwa wangu akasema, "Andika I21, shambulio la moyo, tusiende kumsumbua bingwa." Mimi kiherehere nikaenda. Nikasimama mlangoni, yuko na chai na andazi. "Shikamoo daktari." "Marahaba, nini tena?" Nikasema, "Samahani, hii MI ni shambulio la moyo, siyo?" Hata hakuinua macho. "Ndiyo, ndiyo." Nikarudi kifua mbele. Jioni napita wodini, muuguzi ananionyesha mwenye faili. Binti wa miaka kumi na tisa, moyo wake umeharibiwa na homa ya baridi yabisi, valvu moja haifungi. MI ileile, herufi zilezile, lakini ya valvu, I05.1. Nilikuwa nimempa binti yule shambulio la moyo ambalo hakuwahi kulipata.

Kosa la nani? Daktari alisema ndiyo. Lakini mimi nilimpa jibu ndani ya swali, na mtu mwenye andazi mdomoni atachukua jibu lililo karibu. Ningeuliza, "Daktari, MI hapa umeandika kwa maana gani?" angeinua macho. Kule Marekani ni kanuni kabisa, karani haruhusiwi kumwelekeza daktari kwenye jibu. Huulizi, "Ulitumia ateri ya kifuani, siyo?" Unauliza, "Damu ya huu mshipa imetoka wapi?" Kama mzee wa mfongo. Hakuuliza, "Hiki ni cha mto wenu, au?" Aliuliza mto gani, akakaa kimya, akasubiri.

Haya. Nimeongea kuliko mchungaji, na chai imeshapoa kule nyuma. Chini ya kila kiti kuna bahasha. Usifungue, mama, ngoja. Ndani kuna ripoti ya upasuaji niliyoitunga mwenyewe, hakuna mgonjwa wa kweli humo. Juu imeandikwa CABG x4. Ateri ya kifua ya kushoto imekwenda mshipa wa mbele, ateri ya kifua ya kulia imekwenda wa pembeni, zote mbili zimeachwa kwenye mzizi. Veni moja kutoka aota imegusa vihamba viwili. Moyo ulisimamishwa, mashine ikafanya kazi. Veni imetolewa mguuni.

Mguu gani? Daktari hakuandika. Mtahitaji msimbo mmoja zaidi mkishajua, na daktari wa leo ni mimi, nitakaa pale kwenye meza ya chai. Andazi ninalo. Njooni mmoja mmoja, na nisikie mtakavyouliza.